Kuku Wetu Wakati wa Mvua na Dhoruba



Nchi yetu ya Bukoba na Muleba imejaliwa mvua. Kando ya ziwa huanguka milimita 2,000 hivi kwa mwaka, yaani zaidi ya mara tatu ya mvua ipatikanayo Dodoma. Kwa sababu hiyo migomba yetu ni mibichi mwaka mzima, na mibuni yetu huzaa. Twamshukuru Mungu kwa neema hiyo. Lakini mvua ile ile ilishayo mgomba humwua kuku asiyetunzwa. Na kuku si kitu kidogo katika nyumba zetu. Ndiye daftari la mtoto, ndiye chumvi na sabuni, ndiye kitoweo cha mgeni. Na mara nyingi ndiye mali pekee ambayo mama wa nyumba aweza kuiuza bila kungoja msimu wa kahawa.

Kwa hiyo mwezi huu twapenda kusema habari ya kuwatunza kuku katika kibanja wakati wa mvua na dhoruba. Hatusemi kama watu waliofaulu tangu mwanzo. Twasema kama watu waliokwisha kuadhibiwa na uzembe wao.

Mwaka 2019 tulikuwa na kuku 34. Banda lao tulilijenga kwa mikono yetu mwishoni mwa kibanja, mahali palipoinama kidogo, maana hapakuwa na mgomba hapo, nasi hatukutaka kupoteza nafasi ya mgomba hata mmoja. Mlango tuliuelekeza mashariki, upande wa ziwa, ili jua la asubuhi liingie. Katika mwezi wa Agosti mama wa nyumba yetu alituambia, "Mwalimu, pale ndipo maji hupita. Nimeziona alama zake tangu masika. Tulihamishe banda kabla mvua haijarudi." Tukamjibu kwamba amesema vema, lakini kazi zilikuwa nyingi: wakatekumeni walikuwa wakingoja mafundisho, na paa la kigango lilikuwa halijakwisha. Mwezi wa Septemba akauliza tena, akapata jibu lile lile.

Mvua za vuli za mwaka ule zilizidi kipimo katika Afrika Mashariki nzima, kwa kuwa maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yalikuwa na joto kuliko kawaida. Usiku mmoja wa Novemba, kabla ya alfajiri, dhoruba ilitoka ziwani. Tulipotoka na taa tulikuta mabati mawili yameng'oka, mlango umefunguka, na maji yanapita ndani ya banda kama mfereji. Kuku waliolala juu ya fito walikuwa wamelowa, lakini walikuwa hai. Waliokuwa chini, wale wenye kuatamia na wale wenye vifaranga, walikuwa wamekufa wote. Kulipokucha tulihesabu mizoga 19, bila vifaranga. Katika siku zilizofuata wakafa wengine 8 kwa baridi na kwa kuhara damu. Wakabaki 7.

Kuku wale mama alikuwa amewawekea mtoto wetu wa pili, aliyekuwa akingoja kuingia kidato cha kwanza mwezi wa Januari. Wangemnunulia sare, viatu na madaftari. Mtoto alichelewa shule mwezi mzima. Na juma lile lile la dhoruba somo letu kwa wakatekumeni lilikuwa ule mfano wa Bwana wetu, wa watu wawili waliojenga nyumba, mmoja kwa akili na mwingine kwa upumbavu. Tulisimama tukaeleza jinsi mafuriko yalivyokuja na pepo zilivyovuma. Mama alikuwa ameketi nyuma, upande wa wanawake, akitazama mikono yake. Hakuwa ametulaumu kwa neno hata moja. Siku ile mafundisho yetu yalikuwa mafupi sana.

Basi tangu hapo tumejifunza, kwa kuuliza wataalamu wa mifugo, kwa kusoma, na kwa kumsikiliza yeye aliyeona alama za maji kabla yetu. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, mahali pa banda. Yafaa kujua dhoruba zetu hutoka wapi. Mchana jua hupasha nchi kavu upesi kuliko maji. Usiku mambo hugeuka: nchi hupoa, ziwa hubaki na joto lake, na pepo za pande zote hushuka kuelekea katikati ya ziwa. Zikikutana huko, hewa yenye unyevu hupanda juu, na mawingu ya radi hujengeka juu ya maji wakati sisi tumelala. Kisha upepo wa mashariki huyasukuma kuja magharibi, ndio upande wetu. Kwa hiyo dhoruba nyingi za pwani yetu hutupata usiku wa manane au asubuhi, kuku wakiwa bado ndani, hali mahali pengi pa Tanzania mvua hungoja alasiri.

Kutokana na hayo yafuata kwamba banda lisifunguke upande wa ziwa. Ubavu wake mfupi uelekee huko, nao uzibwe kwa udongo, matofali au mbao tangu chini hadi juu. Lakini vilima na mabonde ya Muleba hugeuza upepo, wala hatuwezi kutoa amri moja kwa vibanja vyote. Kila mtu atazame nyumba yake mwenyewe: ukuta gani hulowa zaidi baada ya dhoruba? Ukuta gani umeota ukungu wa kijani? Huko ndiko mvua itokako, na huko ndiko banda ligeuzie kisogo. Tena litafutiwe mahali palipoinuka, hata ikibidi kung'oa mgomba mmoja. Mgomba mmoja hauleti sare ya mtoto. Upande wa juu wa banda pachimbwe mfereji wa kugeuza maji ya mtelemko, upelekwe kwenye migomba. Tena lisikae chini ya mti mkubwa wenye matawi makavu, kwa maana dhoruba huyavunja.

Pili, jengo lenyewe. Palipo na unyevu mwingi, banda bora ni lile lililoinuliwa juu ya nguzo, kama nusu mita au zaidi kutoka chini. Sakafu yake yaweza kuwa ya fito au mianzi iliyopangwa kwa nafasi ndogo, kinyesi kianguke chini lakini mguu wa kuku usizame. Banda la namna hii halipitiwi na maji, na mbolea hukusanywa chini yake kwa urahisi. Nguzo zake zisimamishwe ndani ya makopo yenye oili chafu, maana wakati wa mvua siafu huhama makao yao yaliyojaa maji, na wakiingia bandani usiku humwua kuku aatamiaye juu ya mayai yake, pamoja na vifaranga. Vicheche na nguchiro nao hushindwa kuchimba.

Paa liwe na ukingo mpana, utokeze kama mita moja kupita kuta, ili mvua ya upande isiingie. Mabati yafungwe kwa waya kwenye nguzo, wala tusitegemee mawe yaliyowekwa juu. Mawe yetu sisi tuliyakuta yameanguka ndani. Mwenye paa la nyasi asione haya. Nyasi zikiezekwa nene na kwa mwinamo mkali hutoa maji vizuri, na banda hubaki na joto usiku kuliko chini ya bati. Ila zibadilishwe zinapooza.

Hapa twaomba tuonye juu ya kosa moja ambalo hufanywa kwa huruma. Watu wengi, wakiona baridi, huziba banda zima kwa nailoni na magunia. Kuku hupumua usiku kucha, na pumzi yake ina maji. Kinyesi chake hutoa hewa kali. Vikifungiwa ndani, banda huwa na unyevu kuliko nje, macho ya kuku huwasha, na mafua huanza. Kuku mzima ambaye manyoya yake ni makavu huvumilia baridi yetu bila shida. Asichovumilia ni kulowa na kupigwa na upepo. Kwa hiyo chini pazibwe, na juu, karibu na paa, paachwe wazi kwa wavu. Kipimo ni rahisi: inama alfajiri ukaingize kichwa bandani kabla hujafungua mlango. Ukiona pua yako yachomwa, ujue kuku wako wamechomwa usiku kucha.

Fito za kulalia ziwe za kuwatosha wote, kama sentimita 20 kwa kila kuku. Wala wasisongamane: kuku watano au sita kwa mita mraba moja yatosha. Wakati wa mvua hushinda ndani saa nyingi, na wakibanana hudonoana.

Tatu, sakafu. Wale ambao banda lao liko juu ya ardhi wanahitaji matandazo makavu, unene wa sentimita 5 hadi 10. Huku kwetu twapata maranda kwa wapasuaji mbao, na maganda ya kahawa, na nyasi zilizokatwa wakati wa kiangazi. Maganda ya kahawa yawe makavu kabisa, kwani yakikaa na maji huota ukungu, na ukungu huo huingia katika mapafu ya kuku. Kila siku chache matandazo yageuzwe kwa reki au kwa jembe. Chukua kiasi cha kujaza mkono, ukifinye, kisha ukiache. Yakibaki donge, yamelowa mno, yatolewe. Yakisambaratika ni mema.

Sababu yake ni hii. Kuhara damu huletwa na vidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hutoka katika kinyesi cha kuku. Vikitoka havina nguvu bado. Vikipata unyevu na joto, kwa siku moja au mbili hukomaa, na kifaranga akidonoa hapo huambukizwa. Penye ukavu vingi haviwahi kukomaa. Kwa hiyo ayatunzaye matandazo yake yawe makavu ameshatibu nusu ya ugonjwa bila kununua dawa. Ukiona vifaranga wamejikunyata, mabawa yameshuka, na kinyesi kina damu, mwite afisa mifugo wa kata upesi. Iko dawa ya kutia katika maji, lakini kipimo chake kifuatwe, na siku za kungoja kabla ya kula mayai au nyama zisipunguzwe.

Tena tuwawekee kuku sanduku la majivu na udongo mkavu mahali pasiponyeshewa. Kuku huoga vumbi ili kuondoa utitiri na chawa; na wakati wa masika, nje hakuna vumbi.

Nne, vifaranga. Kifaranga mchanga hawezi kujipa joto mwenyewe. Juma la kwanza ahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha lipungue kidogo kidogo hadi manyoya yaote, yapata juma la nne. Joto hilo hupewa na mama yake. Bwana wetu alipoulilia mji wa Yerusalemu alijifananisha na kuku awakusanyaye vifaranga wake chini ya mabawa. Sisi tuliolelewa kibanjani twaujua mfano huo kwa macho. Lakini bawa lililolowa halitoi joto. Mama akiachwa atembee na watoto wake katika majani mabichi tangu asubuhi, yeye mwenyewe hutetemeka, na vifaranga hufa chini ya mabawa yake bila yeye kuwa na kosa. Kwa hiyo kuku mwenye vifaranga afungiwe mahali pakavu, pamoja na watoto wake, majuma matatu au manne ya kwanza, akipewa chakula na maji. Wengine hutumia tenga kubwa. Ni jema, kama chini pamewekwa majani makavu.

Jambo bora zaidi ni kuchagua majira. Yai huanguliwa kwa siku 21. Ukimwatamisha kuku mwanzoni mwa Machi, vifaranga watatoka wakati masika yanaanza kupiga kwa nguvu, na Aprili ndiyo yenye mvua nyingi kuliko miezi yote. Ukimwatamisha mwanzoni mwa Juni, watatoka mwishoni mwa Juni, wakue wakati wa kiangazi, na vuli itakapofika wawe wameota manyoya kamili. Vivyo hivyo, ukimwatamisha katikati ya Desemba, watatoka mwanzoni mwa Januari, mvua zikiwa zimepungua kidogo. Mayai ya kuatamisha yasiwe yamekaa zaidi ya siku 7 hadi 10, wala yasioshwe.

Wako wasemao kwamba radi huua vifaranga ndani ya mayai. Tulivyoona sisi, mayai huharibika kwa sababu kuku ameogopa akatoka juu ya kiota, au kiota kimevujiwa, na mayai yakapoa. Weka kiota pakavu, penye giza kidogo, mbali na mlango, uone kama radi itakudhuru.

Tano, chakula. Wakati wa mvua kuku hapati sana nje, tena ahitaji chakula zaidi kwa ajili ya joto. Mahindi na pumba visiwekwe chini wala kuegemezwa ukutani. Viwekwe juu ya kichanja. Mahindi yaliyoota ukungu asipewe kuku, maana yana sumukuvu, ambayo huharibu ini lake. Kumpa kuku kile ambacho mtu hawezi kula ni kujidanganya. Dagaa wa ziwani ni chakula chema sana cha kujenga mwili, lakini katika miezi ya mvua wavuvi hukosa jua la kuwaanika, na dagaa huoza. Basi wanunuliwe wakati wa kiangazi, wakiwa wakavu, wahifadhiwe. Na Novemba, senene wanapokuja na watoto wetu wanapowakusanya kwa furaha, mabawa na miguu yanyofolewayo wapewe kuku; twaona wakiyagombania. Maji safi nayo yawekwe kila siku, ijapo mvua yanyesha. Kuku akinywa katika madimbwi hunywa kinyesi cha wenzake.

Sita, mdondo, ambao wengine huuita kideri. Watu husema, "Baridi imeleta mdondo." Sivyo. Mdondo ni ugonjwa wa virusi, ulioelezwa na wataalamu kwanza mwaka 1926, katika kisiwa cha Java na katika mji wa Newcastle wa Uingereza. Huja na kuku mgeni aliyenunuliwa mnadani, au kwa matenga, viatu na manyoya. Baridi na kulowa hudhoofisha tu mwili wa kuku ili ugonjwa umkute bila nguvu. Dawa ya kuuponya hakuna, lakini chanjo ipo: tone moja katika jicho la kila kuku, likirudiwa kila miezi mitatu. Chanjo iitwayo I-2 huvumilia joto kuliko zile za zamani, hivyo yafaa vijijini. Hata hivyo itunzwe mahali pa baridi, mbali na jua. Wapewe kuku wazima, wala si waliokwisha kuugua. Na mbu wa masika hueneza ndui ya kuku. Nayo ina chanjo yake, ichomwayo katika bawa.

Hapo pana kazi kwa Jumuiya zetu Ndogo Ndogo. Chupa moja ya chanjo hutosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja, na ikisha kufunguliwa haiwekwi akiba. Mtu mmoja huona ni hasara, akaacha. Lakini nyumba kumi zikichanga, kila nyumba hutoa kidogo. Zaidi ya hayo, kuku wa jirani asipochanjwa, ugonjwa hukaa kijijini. Katika jumuiya yetu tumekubaliana juu ya siku nne kwa mwaka: mwisho wa Februari, mwisho wa Mei, mwisho wa Agosti na mwisho wa Novemba. Watoto wa shule huwashika kuku, mtu mmoja hutia matone, na mwingine huandika. Bibi mmoja mjane, mwenye kuku wanne tu, hachangi kitu. Chupa ile ile humtosha.

Wasomaji wetu watauliza, je, banda lilihamishwa? Lilihamishwa mwezi wa Februari 2020, likajengwa juu ya nguzo, karibu na nyumba, mahali alipopachagua mama. Tulikata migomba miwili. Mwezi wa Mei mwaka ule ziwa lilipanda sana, mito ikafurika, na pale palipokuwa na banda la kale palisimama maji siku nyingi. Kuku, waliokuwa wameanza kuongezeka tena, walikaa juu ya fito zao wakavu. Mbolea yao twaipeleka kwenye migomba, nayo imekwisha kulipa deni la ile miwili.

Walimu wenzetu na akina baba, twawaomba jambo moja kabla ya kumaliza. Banda la mvua hujengwa wakati wa jua. Msingoje wingu. Na mama wa nyumba akisema, "Hapa ndipo maji hupita," acheni kazi mliyo nayo, hata iwe kazi ya kanisa, mwende mkatazame mahali anapoonyesha. Yeye ndiye aendaye bandani asubuhi na jioni. Sisi tulikuwa na siku nyingi kavu za kumsikiliza, tukazipoteza.

Mungu abariki vibanja vyenu na vyote vilivyomo.